Kuba Lililokatwa Vipande

Wengi huamini kwamba kompyuta ndiyo iliyowafundisha wahandisi kuligawa umbo lililopinda katika vipande na kukokotoa nguvu za kila kimoja. Kazi hiyo ina umri mkubwa zaidi. Katika miaka ya 1740 kuba la Kanisa la Mtakatifu Petro, Roma, lilikuwa limeingia nyufa, na Papa Benedicto wa 14 akamwita Giovanni Poleni, profesa wa Padua, alichunguze. Poleni aliligawa kuba kwenye karatasi kama chungwa lililomenywa, pande 50. Akachukua pande mbili zinazokabiliana, akazikata vipande 32, akakadiria uzito wa kila kimoja, kisha akaning'iniza mnyororo wenye vitu 32 vya uzito unaolingana na makadirio hayo. Mnyororo unaoning'inia huvutwa tu. Ukigeuzwa juu chini, mkunjo wake huonyesha njia ambayo mawe yatasukumana bila kuvutana. Njia hiyo ilipita ndani ya unene wa kuba, basi kuba lingesimama. Hata hivyo Poleni alishauri lifungwe pete za chuma, nazo zikafungwa.

Mwaka 1956 wahandisi Turner, Clough, Martin na Topp walichapisha njia ya kuligawa bawa la ndege vipande vidogo ili kujua ukakamavu wake, na kompyuta ikabeba milinganyo ambayo mkono usingeimaliza. Ilipofika kwenye kuta nyembamba zilizopinda, njia hiyo ilikwama: vipande vilikataa kupinda, vikakakamaa kuliko zege au chuma chenyewe. Mwaka 1971 mhandisi Zienkiewicz na wenzake walionyesha kwamba kupunguza sehemu za kupimia ndani ya kipande hulegeza ukaidi huo. Nayaona hayo kuwa mafanikio ya utambuzi wa binadamu kuliko ya mashine, kwa maana mashine pekee ingeendelea kutoa jibu bovu bila kusita.

Kuna watakaosema kwamba mnyororo unajibu swali moja tu, kama kuba litasimama, ilhali kompyuta huonyesha mkazo wa kila pembe, upepo na tetemeko. Ni kweli, na hakuna anayetaka kurudi kwenye mnyororo. Lakini pembe huonekana tu pale mhandisi alipoamua kuikata vizuri. Kitako cha zege cha jukwaa la mafuta la Sleipner A, Norwei, kilikuwa na mitungi 24 iliyoshikana, na katikati ya kila mitatu palibaki pembetatu iliyojaa maji ya bahari. Hapo vipande vya kompyuta vilikuwa vichache na vilivyopindika vibaya, hivyo nguvu ya kukata zege ikakadiriwa pungufu kwa asilimia 47, na nondo zilizowekwa hazikutosha. Tarehe 23 Agosti 1991, kitako kikizamishwa taratibu karibu na Stavanger, ukuta ulipasuka na chote kikazama. Uchambuzi mpya, kwa njia ileile ila kwa uangalifu zaidi, ulitabiri kupasuka katika kina cha mita 62. Ukuta ulikuwa umepasuka kwenye mita 65.

Kitako kipya kilisanifiwa kwa hesabu za mkono, za enzi ya kabla ya kompyuta, kwa kuwa majibu ya awali hayakuaminika tena. Majibu mapya ya kompyuta yalipofika, sehemu kubwa ya zege ilikuwa imeshamwagwa, na tarehe 29 Aprili 1993 kitako hicho kiliunganishwa na sitaha yake.