Kitenzi "grow" na Jamaa Zake wa Kiswahili

Kitenzi cha Kiingereza "grow" hubeba peke yake mzigo ambao Kiswahili kimewagawia wapagazi wengi. Natutwae mfano wa Iyunga, mjini Mbeya. Mbegu ya mahindi huota ikamea. Mmea ukirefuka, unakua. Lakini mwenye shamba hakui mahindi, bali huyalima. Mtoto wake huota meno. Kijana huota ndevu, na asipozinyoa, anazifuga, kama afugavyo kuku. Mtu huzeeka, jua likitua, giza huingia. Mahali pote hapa Mwingereza aweza kutosheka na neno moja.

Kukua na kumea ni maneno ya asili ya Kibantu. Waganda husema okukula na okumera. Wazulu husema ukukhula. Kiswahili kimeidondosha ile sauti ya katikati, ila haikupotea kabisa: hurudi tusemapo "nilikulia Iyunga". Katika ukoo huo imo sifa ya -kuu, yenye maana ya utu uzima na heshima. Basi kukua si kuongezeka kimo tu. Mtoto aliyekosa adabu huambiwa, "Wewe sasa umekua!" na anayeambiwa hivyo haelewi kuwa anapimwa urefu, anajua kwamba anadaiwa akili.

Hapo ndipo penye shida ya mfasiri. Mbeya ulianzishwa mwaka 1927, siku za dhahabu ya Lupa. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, iliweka kituo chake cha Mbeya huko Iyunga. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 385,279 katika Jiji la Mbeya. Ya 2022 ikahesabu 541,603. Mwingereza atasema haya yote kwa "grow". Sisi twaweza kusema kwamba watu wameongezeka, nyumba zimeenea, mji umepanuka. Je, umekua? Hilo ni swali jingine, wala sensa pekee haiwezi kulijibu.

Siku hizi uchumi nao husemwa kuwa "umekua", na matumizi hayo yamekwisha kukubalika. Lakini mwenye kufasiri na akumbuke kwamba kukua hakumtaji mtendaji, hali kulima na kukuza humtaji. Akiandika "kahawa imekua" mahali palipostahili "wamelima kahawa", amemfuta mtu mwenye jembe.