Ndege za Kuunga: Kipande cha Tarikhi Yetu Ndani ya Kabati

Katika nyumba nyingi za jamaa zetu wa Al Kamil wal Wafi, na za ndugu zetu waliotawanyika Maskati, Dubai, Unguja, Mombasa na Uingereza, huwapo sebuleni kabati ya vioo. Vilivyomo ndani yake kila mgeni anavijua: mrashi, chetezo, picha ya marehemu babu na joho lake, na mara nyingi jahazi dogo la mbao. Jahazi hilo halihitaji maelezo. Hata mtoto wa miaka saba hujua kwamba wazee wetu walishuka kutoka Sharkia mpaka Sur, wakapanda chombo, wakaenda na kaskazi mpaka Unguja, na kwamba wengine walirudi na kusi na wengine hawakurudi.

Lakini katika baadhi ya kabati hizo huwamo pia ndege ndogo ya plastiki. Si ndege ya abiria, bali ya vita, tena ya jeti, iliyoungwa kwa gundi na kupakwa rangi na kijana wa nyumba. Hiyo haiulizwi na mtu. Huhesabiwa mchezo wa watoto, na siku ya kufagia hutiwa katika boksi la viatu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ndege hiyo nayo ina tarikhi yake, kwamba sehemu ya tarikhi hiyo inatuhusu sisi wenyewe, na kwamba tusipoiandika sasa itatupotea.

Asili ya mchezo wenyewe

Kuunga ndege za plastiki si jambo la jana. Mwaka 1936 Waingereza waliokuwa wakitengeneza vitu vya kuchezea kwa jina la Frog walianza kuuza ndege za plastiki za kuunga, walizoziita Penguin, kwa kipimo cha 1 kwa 72. Kipimo hicho ni chepesi kwa watu waliosoma hesabu za futi na inchi, kama walivyosoma wazee wetu katika skuli za Unguja: futi 6 hugeuka inchi 1. Mtu mrefu wa futi 6, akisimamishwa kando ya ndege hiyo, atakuwa na kimo cha inchi moja tu.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili mchezo huu uligeuka kazi. Mwaka 1942 jeshi la majini la Marekani liliwataka wanafunzi wa skuli wachonge ndege za mbao kwa kipimo hicho hicho, ili askari wajifunze kupambanua ndege ya adui na ya rafiki kwa umbo lake. Kwa hivyo tangu zamani ndege ndogo ilikuwa chombo cha elimu, na aliyeichonga ovyo angeweza kumsababishia mwenziwe mauti.

Baada ya vita walitokea Airfix wa London. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1939 na Nicholas Kove, mtu wa Hungaria aliyehamia Uingereza, mhajiri kama tulivyo wengi wetu. Mwaka 1953 walitoa ndege yao ya kwanza ya kipimo cha 1 kwa 72, nayo ni Spitfire, wakaiuza kwa bei ya chini katika maduka ya Woolworths. Watoto wa jamaa zetu waliohamia Uingereza baada ya Januari 1964 walikulia katika zama hizo, wakati mtoto yeyote mwenye shilingi mbili aliweza kurudi nyumbani na ndege ndani ya mfuko.

Ndege za Oman

Jeshi la anga la Sultani lilianzishwa mwaka 1959, na makao yake yalikuwa Bait al Falaj, pale Ruwi. Ndege zake za mwanzo, kama Provost, zilikuwa za rafadha. Jeti za kwanza ziliwasili mwaka 1969, nazo ni Strikemaster, zilizotokana na Jet Provost, ndege ya kufundishia marubani wa Kiingereza. Kwa jumla Oman ilinunua 24. Ndizo zilizofanya kazi kubwa katika vita vya Dhofar. Tarehe 19 Julai 1972, katika mapigano ya Mirbat, mawingu ya kharifu yalikuwa chini mno, na hata hivyo marubani walipita chini yake kuwasaidia waliozingirwa.

Mwaka 1975 Mfalme Hussein wa Jordan alimzawadia Sultani Qaboos ndege za Hunter zipatazo 30. Ziliwekwa Thumrait, jangwani kaskazini ya Salala. Mwezi wa Disemba mwaka huo huo ilitangazwa kwamba vita vimekwisha. Kisha mwaka 1977 zikaanza kuwasili Jaguar, zilizobuniwa kwa shirika la Waingereza na Wafaransa: 12 mwanzo, na 12 nyengine katika miaka ya 1980. Hizo zilikaa Thumrait na Masira, kisiwa kilichoko mbele ya pwani yetu ya Sharkia, ambacho jeshi la anga la Uingereza lilikiacha mwaka huo huo wa 1977. Jaguar ziliitumikia Oman mpaka 2014, zaidi ya miaka 35.

Sasa tutazame miaka hiyo na safari ya jamaa zetu. Sultani Qaboos alishika nchi tarehe 23 Julai 1970, akawaita Waomani walioko nje warudi. Wakarudi watu kutoka Unguja na Pemba, kutoka Mombasa, Dar es Salaam, Bujumbura na Cairo. Wengi walirudi mikono mitupu, lakini vichwani mwao mlikuwa na skuli: walijua Kiingereza, walijua kusoma mchoro, kupiga taipu, kuweka hesabu za ghala. Nchi iliwahitaji watu wa namna hiyo, nao wakaingia katika wizara, katika mafuta, katika polisi na katika majeshi. Marubani wa mwanzo walikuwa zaidi Waingereza, na matengenezo yalikuwa mikononi mwa kampuni ya Airwork. Lakini ndege moja inayoruka huwa na watu wengi chini yake: wa mafuta, wa redio, wa ghala la vipuri, wa jikoni, wa karatasi. Anayetaka kuijua Hunter au Jaguar ya Oman kwa ukamilifu lazima awajue na hao, na miongoni mwa hao walikuwamo watu waliokuwa wakizungumza Kiswahili wakati wa chai.

Kazi ya kuunga

Kwa faida ya vijana wetu, tutaeleza kwa ufupi namna kazi inavyofanywa. Tuchukue Hunter, kwa kuwa umbo lake ni zuri na vipande vyake si vingi. Ndege yenyewe ilikuwa na upana wa mita 10.26 kutoka ncha ya bawa mpaka ncha. Kwa kipimo cha 1 kwa 72 inakuwa sentimita 14 na kidogo, sawa na kiganja kilichokunjuliwa vizuri.

Kwanza vipande vioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kwa sababu hutoka kiwandani na mafuta mepesi yanayokataa rangi. Visinyongolewe kwa mkono, bali vikatwe kwa wembe, na vijaribiwe pamoja kabla ya gundi. Chumba cha rubani kipakwe rangi mwanzo, maana kikishafungwa hakifikiki tena. Kabla ya kuunganisha pande mbili za kiwiliwili, itiwe risasi puani. Chubwi ndogo ya mshipi kutoka soko la samaki la Sur inatosha. Bila ya uzito huo ndege hukalia mkia na kuinua pua, kama punda aliyegoma.

Gundi iwe kidogo. Gundi ya kazi hii haigandishi kama ya karatasi, bali huyayusha plastiki ili pande mbili ziwe kitu kimoja. Ikizidi, hula bawa. Na wenye dada wakubwa waangalie sana: dawa ya kuondolea rangi ya kucha isikaribie ndege hata kidogo. Mwanya uliobaki uzibwe kwa puti na kulainishwa kwa msasa mwembamba.

Rangi ipakwe nyepesi, mara mbili au tatu, ya mwangaza kabla ya ya kiza. Huku kwetu wakati wake ni baada ya sala ya Alfajiri. Kiangazi joto la Al Kamil hupita digrii 45, na rangi hukauka juu ya brashi kabla ya kufika kwenye bawa. Upepo unaotoka kwenye mchanga wa Wahiba nao humaliza kazi iliyobaki. Ndege iliyopakwa ifunikwe mara moja kwa bakuli kubwa au sufuria mpaka ikauke.

Alama

Hapa ndipo penye shabaha ya makala haya. Ndani ya boksi huwamo karatasi ya alama zinazoroweshwa katika maji na kubandikwa. Mara nyingi alama hizo ni duara za Kiingereza, nyekundu, nyeupe na buluu. Kijana akizibandika kama alivyoambiwa, atakuwa ameunga ndege ya watu wengine, na hapana ubaya. Lakini akitaka ndege ya Oman, boksi halimwambii lolote au humwambia kidogo. Itambidi aulize, na kila swali ni la tarikhi.

Atauliza: ni ya mwaka gani? Mpaka 1990 jeshi liliitwa Jeshi la Anga la Sultani wa Oman. Kuanzia mwaka huo likawa Jeshi la Anga la Kifalme la Oman. Atauliza: nambari gani? Strikemaster zilikuwa na nambari za mia nne, Hunter za mia nane, Jaguar za mia mbili, na ziliandikwa kwa tarakimu za Kiarabu pia, ambazo mtoto aliyekulia Ulaya pengine atazijua kwa mara ya kwanza kwa ncha ya brashi. Na akitaka kuchora bendera juu ya kibao cha kusimamishia ndege, atauliza: bendera ipi? Kabla ya Disemba 1970 bendera ya Maskati ilikuwa nyekundu tupu, kama ilivyokuwa ya Sultani wa Zanzibar mpaka Disemba 1963. Ya Qaboos ilikuja na nyeupe, nyekundu na kijani pamoja na khanjari na panga mbili, lakini mstari wake mwekundu wa kati ulikuwa mwembamba. Tangu 1995 ndiyo mistari mitatu ikawa sawa. Hunter ya 1975 yenye bendera ya leo ni kosa, kama vile kumvisha babu kanzu ya mjukuu.

Maswali hayo hayajibiwi na boksi. Yanajibiwa na makumbusho, kama ile ya Majeshi ya Sultani iliyofunguliwa Bait al Falaj mwaka 1988, na zaidi yanajibiwa na watu waliokuwapo. Jahazi la kabatini lilichongwa na watu wa Sur ambao baba zao walijenga majahazi, kwa hivyo ujuzi ulikuwa ndani ya mkono. Ndege ilitiwa katika boksi na watu wasiotujua. Ujuzi wetu tusipoutia wenyewe, hautakuwamo.

Na jambo moja tusiwafiche watoto. Hizi zilikuwa ndege za vita, na vita vya Dhofar vilikuwa vita vya watu wa nchi moja. Waliouawa upande huu na upande ule walikuwa na mama zao. Mtoto anayeunga Strikemaster aambiwe ilikuwa ikibeba nini chini ya mabawa na ilikuwa ikipiga wapi. Akijua hayo hataipenda kazi yake kwa uchache, bali ataishika ndege kwa adabu zaidi. Sisi tuliohamishwa na mapinduzi na umwagaji damu tunajua kuliko wengi kwamba silaha si pambo.

Ombi kwa jamaa

Vijana waliorudi na umri wa miaka 20 mwaka 1971 wameshapita 70, na wengi wao wametangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu awarehemu. Waliobaki hukaa barzani baada ya Alasiri, na hawasemi habari za Thumrait wala za Masira kwa sababu hawajaulizwa. Mzee ukimwambia, "Babu, tueleze maisha yako jeshini," atajibu kwamba hayakuwa na jambo. Lakini mtilie mkononi ndege isiyokwisha rangi, umuulize mlango wa mafuta ulikuwa upande gani, au nani alikuwa akifungua kioo cha rubani, naye atasema mpaka adhana ya Magharibi.

Basi tunaomba kila nyumba yenye ndege ya namna hii ifanye mambo mawili. Kwanza, chini ya kibao iandikwe kwa wino usiofutika: ndege gani, nambari gani, ya mwaka gani, nani ameiunga, na nani aliyemweleza. Pili, maelezo hayo yanakiliwe na kuletwa kwa wanaokusanya kitabu hiki, pamoja na picha za kazini za miaka hiyo, ili yapigwe chapa mwaka ujao. Watakaoyasoma pengine hawatakumbuka hata sauti ya jeti hizo. Lakini watajua kwamba baina ya jahazi la babu na maisha yao palikuwa na watu waliosimama juani wakiziangalia ndege zikirudi, wakizihesabu moja moja.

Wabillahi tawfiq.