Mfinyanzi Aliyechoma Meza Zake

Sahani za Bernard Palissy hazikufinyangwa ili mtu alie chakula. Katikati amejikunja nyoka, pembeni kuna vyura, mijusi, samaki, kombe na majani ya kangaga. Vyote ni udongo, na vyote vinang'aa kana kwamba vimetoka majini sasa hivi. Ni mapambo, tena mapambo ya kumshtua mgeni.

Palissy alizaliwa Ufaransa karibu mwaka 1510. Alikuwa akipaka rangi vioo na kupima ardhi mjini Saintes, mpaka alipoonyeshwa kikombe cha udongo chenye ngozi ya kung'aa. Basi, kikombe kile kikamnyima usingizi. Akaapa atagundua siri ya weupe ule, ingawa ufinyanzi wenyewe hakuujua. Ilimchukua miaka kama 15. Siku kuni zilipomwishia na tanuri bado halijafikia joto, alichoma nguzo za bustani, kisha meza, kisha mbao za sakafu ya nyumba.

Kisa hiki tunakijua kwa sababu alikiandika mwenyewe, katika kitabu alichokichapisha Paris mwaka 1580. Hapo ndipo sisi wapenda vitabu tunapohusika. Palissy hakujua Kilatini wala Kigiriki, akaandika Kifaransa chake, tena kwa majibizano ya wahusika wawili: Nadharia na Vitendo. Nadharia anauliza, anajisifu, anabanwa. Vitendo, mwenye masizi mikononi, ndiye anayefundisha.

Na kweli, mikono ilimfundisha mengi. Alikuwa akichukua mnyama aliyekufa, anamtolea kalibu kwa plasta, kisha anakandamiza udongo laini humo. Ndiyo maana magamba ya nyoka wake yanahesabika. Mtu aliyeshika kombe kila siku namna hiyo, nadhani, haikuwa rahisi kumdanganya. Alipoziona ndani ya mawe, mbali na bahari, alisema wazi kwamba zilikuwa viumbe hai vilivyogeuka jiwe.

Lakini kuna mtu mmoja katika kisa kile ambaye hapewi nafasi ya kujieleza: mke wake. Anatajwa kama mtu wa kulalamika tu, sambamba na majirani waliomcheka. Mskoti Samuel Smiles alimweka Palissy katika kitabu chake cha Self-Help kama mfano wa uvumilivu. Sawa, alivumilia. Ila jamani, sakafu ile ilikuwa ya nani? Nani alipika siku ambayo meza zilikuwa majivu? Mimi kila nikisoma ukurasa ule namsikia mama yule, na simwoni kuwa mkorofi hata kidogo. Alikuwa na watoto wa kulisha.

Palissy naye hakufa kwa raha. Catherine de Médicis alimpa kazi na kumkinga, lakini alikuwa Mprotestanti katika nchi iliyokuwa ikiwaua Waprotestanti. Alikataa kuiacha imani yake, akafia gerezani Bastille karibu mwaka 1590, akiwa mzee.

Wachimbaji wa mambo ya kale walikuja kukuta vipande vya kalibu za karakana yake ardhini, karibu na jumba la Louvre. Chapa za wanyama bado zilikuwamo. Mjusi wa Palissy ameacha alama yake. Mkewe tumeachiwa malalamiko yake tu, tena kwa kalamu ya mumewe.