Wanasesere Wanne Mbele ya Mahakama



Wahenga walinena kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Neno hili aghalabu tunawatwika wazazi peke yao, kana kwamba mtoto hulelewa na watu wawili tu ndani ya kuta nne. Juma hili tungependa kulitafakari kwa kurejea sura moja ya historia ya watu weusi wa Marekani, ambamo ilidhihirika mbele ya mahakama kuwa mtoto hulelewa pia na barabara, na duka, na hata shule aliyokatazwa kuingia.

Mwaka 1896 Mahakama ya Juu ya nchi ile ilihalalisha kuwatenga weusi na weupe, kwa hoja kwamba kutengwa si kudharauliwa maadamu kila upande unapata huduma zilizo sawa. Usawa huo ulibaki kwenye karatasi. Katika wilaya ya Clarendon, jimbo la South Carolina, watoto weupe walikuwa na mabasi ya shule 30, ilhali watoto weusi, waliokuwa wengi zaidi, hawakuwa na hata moja. Mwaka 1947 mkulima Levi Pearson, akisaidiwa na Mchungaji Joseph DeLaine, aliomba watoto hao nao wapewe basi. Akanyimwa. Kutokana na ombi hilo dogo ndipo wazazi wa Clarendon walipofikia kudai jambo kubwa zaidi, yaani kufutwa kwa utengano wenyewe.

Wakati huohuo wanasaikolojia wawili weusi, mume na mke, walikuwa wakichunguza jambo ambalo macho ya wakaguzi wa shule hayakuweza kuliona. Mamie Phipps Clark alizaliwa mwaka 1917 katika mji wa Hot Springs, Arkansas, naye alijua utengano tangu utotoni. Katika utafiti wake wa shahada ya uzamili, uliokamilika mwaka 1939 katika Chuo Kikuu cha Howard, aliuliza ni lini mtoto mweusi hutambua kuwa yeye ni mweusi. Pamoja na mumewe, Kenneth Clark, aliuendeleza uchunguzi huo kwa kutumia wanasesere wanne, waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi: wawili weupe na wawili wa kahawia.

Watoto weusi 253, wenye umri wa kati ya miaka 3 na 7, waliulizwa maswali mepesi. Yupi ungependa kucheza naye? Yupi ni mzuri? Yupi anaonekana mbaya? Mwishowe waliulizwa: yupi anafanana nawe? Theluthi mbili walichagua kucheza na mwanasesere mweupe, na zaidi ya nusu walisema wa kahawia ndiye mbaya. Kisha lilipokuja swali la mwisho, wengi wao walimnyooshea kidole yuleyule waliyekwisha kumwita mbaya. Baadhi ya watoto walilia na kukimbia nje ya chumba. Huko Arkansas mtoto mmoja alitabasamu, akamwonyesha mwanasesere wa kahawia na kujiita kwa tusi ambalo weupe waliwaitia watu weusi. Kenneth Clark alikiri baadaye kwamba tabasamu lile lilimsumbua sana.

Mwaka 1951 Kenneth Clark alikwenda Clarendon na kuwauliza watoto 16 wa huko maswali yayo hayo. Kumi na mmoja kati yao walisema mwanasesere wa kahawia ndiye mbaya. Ushahidi huo ulitolewa mahakamani, lakini majaji wawili kati ya watatu waliikataa kesi. Mmoja tu, Waties Waring, alisimama upande wa wazazi. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, ikaunganishwa na nyingine za aina yake. Tarehe 17 Mei 1954 majaji wote 9, wakiongozwa na Jaji Mkuu Earl Warren, waliamua kwamba kuwatenga watoto kwa sababu ya rangi huwatia moyoni hisia ya unyonge, na kwamba shule zilizotengwa haziwezi kuwa sawa kamwe.

Tusidhani kwamba ushindi huo ulikuwa wa bure. Harry Briggs, ambaye kesi ya Clarendon ilibeba jina lake, alifukuzwa kazi katika kituo cha mafuta, na mkewe pia akapoteza kazi yake. Nyumba ya Mchungaji DeLaine iliteketea kwa moto mwaka 1951, kanisa lake likachomwa mwaka 1955, naye akalazimika kukimbilia New York.

Lipo jambo jingine katika takwimu zile ambalo hutajwa mara chache. Watoto wa Kaskazini, katika jimbo la Massachusetts, walisoma darasa moja na weupe. Hata hivyo, kwa mia 71 kati yao walisema mwanasesere wa kahawia ni mbaya, ikilinganishwa na kwa mia 49 ya watoto wa Kusini waliotengwa. Sheria inaweza kufungua mlango wa shule; haiwezi peke yake kuing'oa dharau iliyokwisha kuingia moyoni. Mamie Clark alilijua hilo, ndiyo maana mwaka 1946, yeye na mumewe walifungua kituo cha watoto huko Harlem. Walikuja wazazi ambao watoto wao walikuwa wameitwa na shule wapungufu wa akili. Walipopimwa upya, ilionekana kwamba wengi wao hawakustahili kabisa jina hilo. Fikirini ni vijana wangapi waliotumia maisha yao yote chini ya jina walilopewa kwa makosa.

Na sisi tulio mbali na Clarendon tusijidhanie kuwa salama. Mara ngapi tumesikia nyumbani mtoto akisifiwa kwa kuwa maji ya kunde, na nduguye akitaniwa kwa weusi wake huku watu wazima wakicheka? Mkorogo unaochubua ngozi za binti zetu haukuanzia dukani. Ulianzia katika mizaha hiyo. Basi juma hili, wazazi wapendwa, tusikilize majina tunayowaitia watoto wetu, tuwatazame na wanasesere tunaowanunulia. Tukimsikia mtu akimtania mtoto kwa rangi yake, tumkatize palepale, mtoto mwenyewe akisikia.