Kuvuka ziwa: wenye walipenda na wenye walilazimishwa

Huku kwetu Makobola, neno "kuvuka" halihitaji maelezo: ni kuvuka Tanganyika. Lakini watu hawakuvuka wote kwa sababu moja. Kuna wenye walienda kutafuta maisha, na kuna wenye walikimbia kifo. Tofauti hiyo ina uzito mpaka leo, kwa sababu kwa hiyo mtu anaitwa mkimbizi ao hapana.

Zamani: biashara na minyororo

Mwaka wa 1858, Waingereza Burton na Speke walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Wakati ule Uvira ilikuwa tayari soko kubwa la kaskazini ya ziwa: watumwa, pembe za ndovu, nafaka, nguo za magome na vyuma. Watu wa upande wetu walipelekwa Ujiji, na kutoka kule mpaka pwani ya bahari, bila kupenda. Wengine walivuka wenyewe. Wavuvi na wachuuzi wa Wagoma, Wabwari na Wabembe walijenga upande wa Kigoma, wakaoa na kuzaa kule. Wamanyema wa Ujiji nao, jina lao linatoka Kongo ya mashariki.

Njia ya pande mbili

Mwaka wa 1972 ni Warundi ndio walikimbilia kwetu, Uvira na Fizi, kwa sababu ya mauaji ya inchi yao. Mwaka wa 1996 ikawa zamu yetu. Mwezi wa 10, vita vya AFDL vilifika Uvira, na watu wa Fizi na Uvira wakajaa katika mitumbwi na maboti kuelekea Kigoma. Mwezi wa 11 mwaka ule kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa katika wilaya ya Kasulu, kisha kambi ya Lugufu.

Mwaka wa 1997 meli Liemba, yenye Wadachi waliitengeneza kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira, ikirudisha wakimbizi zaidi ya 75,000. Wengi hawakukaa muda. Tarehe 2 mwezi wa 8 mwaka wa 1998 vita ya pili ikaanza.

Kisha kukaja siku zenye hapa hakuna familia inazisahau. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka wa 2010, yenye watu wanaiita Ripoti Mapping, inaandika kwamba kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999 watu zaidi ya 800 waliuawa Makobola na vijiji vya jirani. Wenye walibaki wazima walikimbilia milimani, wengine wakavuka ziwa.

Kuvuka peke yake hakukuleta usalama kila mara. Tarehe 13 Agosti 2004, kule Gatumba, Burundi, Wakongomani zaidi ya 150 waliuawa kambini, wengi wao Banyamulenge waliokuwa wamekimbia Kivu ya Kusini.

Hiari ni nini?

Kuanzia 2005, HCR ilisaidia watu kurudi kwa meli kutoka Kigoma mpaka Baraka. Mwaka wa 2009 Lugufu ikafungwa, na wenye walibaki wakapelekwa Nyarugusu. Mkataba wa Afrika wa 1969 juu ya wakimbizi unasema wazi: kurudi ni kwa hiari, hakuna mtu wa kurudishwa kwa nguvu.

Njia ya tatu ilikuwa kupelekwa inchi za mbali. Katika mwaka wa bajeti 2016, Kongo ilikuwa ya kwanza kwa hesabu ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, zaidi ya watu 16,000. Januari 2025 serikali ya kule ilisimamisha mpango huo.

Marekani yenyewe inajua habari hii. Katika karne ya 19, watu walienda magharibi kwa kupenda, wakitafuta udongo. Lakini Wacherokee walihamishwa kwa nguvu mwaka wa 1838, na maelfu wakafia njiani. Karatasi ya 1835 ilionyesha kama wamekubali, kumbe ilitiwa sahihi na kikundi kidogo tu. Hiari ya kwenye karatasi si lazima iwe hiari ya watu.

Shamba linabaki

Sheria ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Lakini mashamba mengi ya vijiji yanashikwa kwa desturi, bila karatasi. Mpaka ni mti, kijito, ao kumbukumbu ya mzee. Mtu akikaa kambini miaka 20, mti umekatwa, mzee amekufa, na jirani analima pale. Mara nyingi jirani huyo naye alikimbia kwao.

Kwa hiyo mwenye anarudi, kwanza aende kwa chefu wa kijiji na kwa wazee wenye wanajua mipaka, mbele ya kushika jembe. Achunge vizuri karatasi za HCR na vyeti vya watoto waliozaliwa kambini. Na wenye walibaki, wataje majina ya mashamba kwa vijana wao wakati wazee wangali wazima.