Sodo ya Nguo na Historia Yake

Historia tusomayo shuleni husimulia sana habari za wafalme, vita na mikataba. Habari hizo zina faida, lakini mtu akisoma hizo peke yake aweza kudhani kwamba watu wa kale hawakupika, hawakufua nguo, wala hawakuugua. Viko vitu vidogo vya nyumbani vyenye historia ndefu kuliko ya viti vya enzi, na kimoja katika hivyo ni sodo, yaani kitambaa akitumiacho mwanamke katika siku zake za hedhi. Nakuomba, msomaji, usicheke wala usifunge kitabu. Nusu ya wanadamu hulijua jambo hili katika miili yao kwa miaka mingi, na nusu nyingine ni watoto wao, ndugu zao na waume zao.

Tuchukue Kutulo kuwa mfano wetu. Kutulo ni mji mdogo wa kaskazini-mashariki ya Kenya, mpakani mwa kaunti za Wajir na Mandera, katika njia itokayo Wajir kwenda Elwak na Mandera. Nchi yake ni kavu. Wenyeji wake ni Wasomali, na wengi wao huishi kwa ufugaji wa ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo. Hungojea misimu miwili ya mvua: gu, ianzayo karibu na mwezi wa Aprili, na deyr, ianzayo karibu na mwezi wa Oktoba. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa mwaka 2022, misimu mitano ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha katika sehemu zile. Mifugo ilikufa kwa wingi, na kina mama walitembea mwendo mrefu kutafuta maji. Basi jiulize: katika nchi ya namna hiyo, msichana aliyevunja ungo hufanyaje, mwezi baada ya mwezi, apate kukaa darasani pamoja na wenziwe?

Jibu la kale lilikuwa kitambaa. Lakini kitambaa nacho hakikuota porini. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta nguo zikifumwa humo, na akaandika kwamba zilipelekwa mpaka Misri. Katika karne ya 19 zilikuja nguo za pamba kutoka Marekani. Sayyid Said wa Unguja alifanya mkataba na nchi hiyo mwaka 1833, na majahazi ya mji wa Salem yalileta jora kwa jora la nguo nyeupe isiyotiwa rangi, ambayo hata leo huitwa merikani. Wamarekani walipopigana wenyewe kwa wenyewe, kuanzia 1861 hata 1865, bidhaa hiyo ilipungua, na nguo za Bombay zikapata nafasi. Huko bara mfugaji aliitaka nguo naye akatoa ngozi na samli. Kwa hiyo nguo ilikuwa mali, na mali haitupwi. Pwani, kanga ikichakaa ilifanywa mbeleko, kisha nepi ya mtoto, kisha tambara la kupangusia. Na kipande kilicholainika vizuri kilikunjwa kikawa sodo.

Neno lenyewe latufunza jambo. Leo kijana asikiapo neno sodo hufikiri pakiti ya dukani. Lakini jina hilo kwanza lilikuwa la kitambaa, na kile cha dukani kimelirithi tu. Pia zamani elimu ya kitambaa hicho ilikuwa na mwalimu wake. Mwari wa pwani alikuwa na somo au kungwi, mwanamke mtu mzima asiyekuwa mama yake, ambaye kazi yake ilikuwa kumweleza namna ya kukikunja, kukifunga, kukifua na kukiweka. Mafunzo hayo yalitolewa faraghani, lakini yalitolewa. Faragha si sawa na ukimya: faragha humfundisha mtu mahali pa kusemea jambo, na ukimya humnyima hata maneno ya kulisemea.

Huenda mtu akaniambia kwamba dini na heshima hazipatani na mazungumzo haya. Basi na tuitazame Uarabuni ya karne ya 7, nchi kavu kama Kutulo. Asma binti Abubakar amesimulia kwamba mwanamke mmoja alimwendea Mtume Muhammad, akamwuliza habari ya nguo iliyoingia damu ya hedhi. Mwanamke yule hakukemewa wala hakuambiwa anyamaze. Alipewa jawabu kamili: aikwangue damu, aisugue kwa maji, aioshe, kisha asali na nguo ile ile. Tazama jinsi swali lilivyokuwa la kila siku, na jinsi jawabu lilivyokuwa la kazi. Katika vitabu vya fiqhi hedhi ina mlango wake, nao husomwa na wanaume na wanawake. Asemaye kwamba ni dini iliyomfunga mdomo hajaisoma vizuri.

Wala aibu hii si ya Afrika peke yake. Mwaka 1896 kampuni ya Johnson & Johnson ya Marekani ilianza kuuza sodo za kutupwa. Biashara hiyo haikustawi, maana wanawake waliona haya kuonekana wakizinunua. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, kampuni ya Kimberly-Clark ilitengeneza pamba ya nyuzi za miti kwa ajili ya kufungia vidonda vya askari. Wauguzi wakagundua kuwa inanyonya damu vizuri, wakaitumia wao wenyewe. Vita vilipokwisha, kampuni ile ilianza kuiuza kwa kazi hiyo, kwa jina la Kotex. Hata hivyo wanawake waliogopa kumtajia mwuzaji jina la bidhaa. Basi katika maduka likawekwa sanduku dogo karibu na pakiti, mnunuzi atie fedha zake, achukue pakiti, aende zake bila kusema neno. Nchi iliyojenga majumba ya kugusa mawingu ilishindwa kutamka neno moja dukani.

Sodo za kutupwa zilienea duniani, na kitambaa kikaonekana kuwa kitu cha maskini. Lakini katika karne yetu hii kitambaa kimerudi kwa sura mpya. Katika kijiji cha Kitengesa, karibu na Masaka, Uganda, kampuni ya Afripads ilianza mwaka 2010 kuwapa wanawake kazi ya kushona sodo za nguo. Sodo ya namna hiyo ina tabaka kadhaa. Juu ni kitambaa laini kigusacho mwili, katikati ni kitambaa kinyonyacho, na chini ni kile kisichopitisha maji. Ina mbawa mbili zenye kifungo, zizungukazo nguo ya ndani ili isisogee. Ikitunzwa vema hutumika mwaka mzima au zaidi.

Kenya nayo ilichukua hatua zake. Mwaka 2004 iliondoa kodi ya ongezeko la thamani katika sodo. Mwezi wa Juni 2017 Sheria ya Elimu ya Msingi ilirekebishwa, ikaagiza kwamba kila msichana aliyebaleghe katika shule ya umma apewe sodo za bure, za kutosha na zilizo bora, na pawepo mahali salama pa kuzitupia. Sheria hiyo ni njema. Lakini pakiti ikichelewa njiani, au shule zikifungwa, au jamaa wakihama na ngamia kufuata malisho, msichana wa Kutulo hubaki na nini? Na pale pasipo na tanuri la kuchomea taka, sodo zilizotumika hupeperushwa na upepo mpaka katika miiba. Ndiyo maana sodo ya nguo yafaa kujulikana katika nchi kama ile: humfuata mwenyewe aendako.

Hata hivyo nisikudanganye. Sodo ya nguo ina masharti matatu. La kwanza ni maji na sabuni. Hulowekwa katika maji baridi, kwa kuwa maji ya moto huigandisha damu katika nyuzi. Kisha hufuliwa kwa sabuni na kusuuzwa hata maji yatoke meupe. La pili ni jua. Sharti ikauke kabisa, maana unyevu ni makao ya vijidudu. La tatu ni mahali pa siri pa kubadilishia, penye mlango ufungikao. Kutulo ina jua tele, lakini maji ni haba. Na hapo ndipo aibu inapofanya madhara yake makubwa. Msichana aonaye haya hukificha kitambaa chake chini ya godoro au nyuma ya mkeka, kingali kibichi, ilhali jua linawaka bure nje. Kitambaa hakikumdhuru, kilichomdhuru ni kukificha. Wahenga walisema: mficha uchi hazai.

Kwa hiyo, shule ikipewa sodo za nguo bila birika la kuvunia maji ya mvua, bila choo chenye mlango na bila kamba ya kuanikia, imepewa nusu ya kitu. Wewe usomaye leo huenda kesho ukawa mwalimu, mjumbe wa halmashauri ya shule, au mzazi. Ukikaa katika baraza linalogawanya fedha, uliza habari ya maji kabla hujauliza habari ya pakiti. Na wewe mvulana, ukiona doa katika nguo ya mwenzio, mpe sweta lako ajifunge kiunoni, kisha unyamaze. Ukimya wa namna hiyo ni heshima.