Waliobaki Nje ya Ukuta

Mwezi Januari mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu wadhifa wake. Yeye mwenyewe hakuwa amemgusa mtu. Alijiuzulu kwa sababu watu waliokamatwa na vyombo alivyovisimamia walikufa mikononi mwa wahojaji wao, akaona kwamba aliye juu hawezi kusema hayamhusu. Wengi wetu tunamkumbuka Mzee Mwinyi kama Rais wa Awamu ya Pili, aliyeongoza nchi tangu 1985 hadi 1995 na kufariki dunia mwaka 2024. Ni vijana wachache wa Bariadi wanaojua kwamba jambo lililomfanya ajiuzulu lilitokea huku kwetu Usukumani.

Wakati ule hapakuwa na Mkoa wa Simiyu. Mkoa wetu ulianzishwa mwaka 2012. Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu zilitoka Shinyanga, na Busega ikatoka Mwanza. Mikoa hiyo miwili ndiyo iliyokuwa na tatizo zito la mauaji katika miaka ya sabini. Waliouawa walikuwa hasa akina mama wazee walioshukiwa uchawi. Macho yao yalikuwa mekundu kwa sababu ya kupikia kinyesi cha ng'ombe miaka mingi, maana kuni zilikuwa adimu. Jirani akafiwa na mtoto, mganga akatajwa, kidole kikanyooshwa kwa bibi mwenye macho mekundu. Serikali haikuweza kunyamaza. Mwaka 1976 ikaanza Operesheni Mauaji, watu wengi wakakamatwa ili wahojiwe.

Nia ya kuyakomesha mauaji ilikuwa njema, lakini njia iliyotumika ilikuwa mbaya. Watu walipigwa na kuteswa, na baadhi yao hawakurudi nyumbani. Habari zilipofika juu, viongozi wakajiuzulu, na baadaye baadhi ya maofisa waliohusika walifikishwa mahakamani wakafungwa. Imani ya wananchi kwa polisi ilikuwa imepungua sana. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, wizi wa mifugo ulipozidi, wanakijiji wa Usukumani na Unyamwezi waliamua kujilinda wenyewe kwa mishale na filimbi, na hivyo Sungusungu ikazaliwa.

Hayo ndiyo yaliyoandikwa. Tukiyasoma tunamjua aliyejiuzulu na aliyehukumiwa, na tunajua operesheni iliitwaje. Hatumsikii mama aliyesubiri mumewe jioni ile na kesho yake na wiki iliyofuata. Hatusikii nani alilima shamba lake la pamba msimu ule, wala majirani walimwambia nini kisimani. Na walipofungwa maofisa wenyewe, nyumba zao nazo zikaingia katika foleni ileile ya kusubiri. Kwa hiyo kulikuwa na familia za namna tatu: za bibi waliouawa, za washukiwa waliokamatwa na za maofisa waliofungwa. Kila moja ilikuwa na sababu ya kuzichukia nyingine mbili, na zote ziliachwa na kiti kitupu mezani.

Tunauliza basi: ni kitu gani kinachopita kati ya mtu aliye ndani ya ukuta na watu wake walio nje? Ajabu ni kwamba swali la namna hiyo liliwahi kuulizwa na wanasayansi kuhusu mwili wa mwanadamu, na mmoja wa waliolijibu alikuja kuwa mfungwa yeye mwenyewe.

Ubongo wetu una seli za neva zipatazo bilioni 86. Zamani wataalamu wengi walidhani zimeungana zote kama nyuzi za wavu mmoja. Mwishoni mwa karne ya 19 Mhispania Santiago Ramón y Cajal alionyesha kwamba kila seli inasimama peke yake. Kati ya seli na seli kuna mwanya mwembamba kuliko unywele mara maelfu. Sasa, kama hazigusani, ujumbe unavukaje? Ukikanyaga mwiba wa mgunga kule malishoni, habari inatokaje mguuni hadi kichwani?

Otto Loewi, profesa wa huko Graz nchini Austria, alilipatia jibu swali hilo kwa jaribio alilolichapisha mwaka 1921. Alisimulia kwamba wazo lilimjia usingizini usiku wa kuamkia Pasaka, akaliandika gizani, na asubuhi akashindwa kuusoma mwandiko wake. Usiku uliofuata wazo likarudi. Mara hii hakungoja kupambazuke, akaenda moja kwa moja maabara. Alichukua mioyo miwili ya chura ikiwa bado inadunda katika maji ya chumvi. Akausisimua mshipa wa fahamu unaoupunguza mwendo wa moyo wa kwanza, nao ukadunda polepole. Kisha akayachukua maji yaliyokuwa katika moyo ule akayatia katika moyo wa pili, ambao haukuwa na mshipa wowote uliousisimua. Nao ukapunguza mwendo! Ilikuwa wazi kwamba mshipa ulitoa kitu ndani ya maji, na kitu hicho ndicho kilichobeba ujumbe. Leo tunakiita asetilikolini. Mwaka 1936 Loewi na Mwingereza Henry Dale walipewa Tuzo ya Nobel.

Miaka miwili baadaye, mwezi Machi 1938, majeshi ya Hitler yaliingia Austria. Loewi alikuwa Myahudi. Usiku uleule vijana wenye silaha waliingia chumbani kwake, wakamchukua mzee huyu wa miaka 64 na kumtia gerezani. Wanawe wawili nao walikamatwa. Akiwa ndani, akidhani atauawa, aliomba kadi ya posta. Aliandika juu yake matokeo ya jaribio lake la mwisho ili yapelekwe kuchapishwa. Kadi ilipotoka mikononi mwake, alisimulia baadaye, moyo wake ulitulia. Aliachiwa baada ya miezi miwili hivi, lakini hakuruhusiwa kuondoka mpaka akubali fedha zake za Nobel zihamishiwe benki iliyokuwa chini ya watawala hao. Mkewe alizuiliwa nyuma kwa miaka kadhaa, na ilikuwa mwaka 1941 alipoweza kumfuata mumewe Marekani.

Tumeisimulia habari hii kwa kirefu kwa sababu mtu aliyegundua jinsi ujumbe unavyovuka mwanya kati ya seli na seli alijikuta yeye mwenyewe upande mmoja wa mwanya, mkewe akiwa upande wa pili. Elimu yake yote haikuweza kumvusha. Alihitaji mtu wa kuipokea kadi yake mlangoni na kuipeleka.

Utafiti wa mwili haukuishia kwa Loewi. Mwaka 1998 madaktari Vincent Felitti na Robert Anda, pamoja na wenzao wa Marekani, walichapisha uchunguzi uliowahoji watu zaidi ya 9,000 kuhusu utoto wao. Waliorodhesha mambo yanayomuumiza mtoto, kama vile kupigwa, kudharauliwa na kuishi na mlevi. Katika orodha hiyo waliuliza pia kama kuna mtu wa nyumbani aliyewahi kwenda gerezani. Waliona kwamba kadiri mambo hayo yalivyorundikana kwa mtoto mmoja, ndivyo magonjwa ya moyo, ulevi na huzuni nzito vilivyoongezeka ukubwani. Mwaka 2003 Naomi Eisenberger na wenzake wa Los Angeles walipima ubongo wa watu waliokuwa wakitengwa katika mchezo. Sehemu ya ubongo inayoshughulika na uchungu wa maumivu ya mwili iliamka kwa sababu tu mtu hakurushiwa mpira na wenzake.

Tusiyasome mambo haya vibaya. Hayasemi kwamba mtoto wa mfungwa lazima aharibike. Tunawajua walimu, manesi na wazee wa kanisa waliolelewa huku baba yuko ndani. Yanachosema ni kwamba kutengwa kunaumiza kwelikweli, kama mwiba, na kwamba mtoto yule anabeba mzigo ambao hakuutafuta. Mahakama ilimhukumu baba yake peke yake.

Biblia iliyajua haya kabla ya maabara. Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba sisi ni mwili mmoja, na hakuna kiungo kinachoweza kuumia kikawaacha wengine wakistarehe. Mwandishi wa Waebrania anatuagiza tuwafikirie wafungwa kana kwamba nasi tuko ndani nao. Tena Paulo huyohuyo alikuwa mfungwa, na nyaraka zake kadhaa zisingetufikia kama wasingekuwapo wabebaji. Epafrodito alisafiri kutoka Filipi na zawadi za kanisa, akaugua karibu kufa. Tikiko alibeba barua. Onesiforo alimtafuta Paulo kule Roma mpaka akampata, wala hakuionea aibu minyororo yake. Na angalieni: Paulo anapomshukuru Onesiforo, anaiombea rehema nyumba yake. Mfungwa aliikumbuka familia ya aliyemtembelea. Je, sisi tulio huru tunazikumbuka familia za waliofungwa?

Hapa inatupasa kuungama. Sisi ni watu wa kuchangiana. Zamani vijana wa Usukumani walilima kwa zamu mashamba ya kijiji chini ya nsumba ntale, na hakuna aliyeachwa nyuma kwa sababu ya kukosa nguvu kazi. Hata leo penye msiba tunabeba unga, kuni na maharage kabla ya kuombwa. Lakini polisi wakimchukua mtu usiku, asubuhi hatuendi. Tunapita mbali na ua ule. Mke wake akija ibadani, tunamsalimia "Mwangaluka" kisha tunamwachia benchi peke yake. Hatumtukani, ila hatumuulizi habari za mumewe, tukidhani tunamstahi. Mtoto wake akikosa sare ya shule tunasema baba yake angefikiri kabla ya kutenda.

Nasi tunajua jinsi nyumba hiyo inavyoporomoka. Kwanza ng'ombe wanauzwa kwa ajili ya wakili na nauli. Kwa kesi ya mauaji sheria yetu haitoi dhamana, hivyo mtuhumiwa anaweza kukaa mahabusu miaka mingi, huku kila tarehe akiambiwa upelelezi haujakamilika. Bado hajapatikana na hatia, lakini shamba lake limeshaota magugu. Mwezi Novemba mvua zinaponyesha na wenzake wanapanda pamba, mke anatafuta wa kumshikia plau. Mwezi Juni pamba inapouzwa, yeye hana cha kupima.

Wapo watakaouliza: na nyumba ya marehemu je? Bibi aliyekatwa mapanga hana familia? Swali hilo ni la haki, na tusilikimbie. Kanisa likienda kwa mke wa mtuhumiwa tu na kuipita nyumba ya aliyeuawa, litakuwa limechagua upande. Ni lazima twende kote kuwili, na tuanze kwa waliofiwa. Kumtembelea mfungwa si kulikubali kosa lake. Yesu aliposema habari za waliomtembelea gerezani hakutaja kama walikuwa wamefungwa kwa haki au kwa kuonewa. Alisema tu kwamba alikuwa yeye.

Operesheni Mauaji inatufundisha pia jambo la pili. Watu wale walikufa kwa sababu walikuwa mahali ambapo hakuna jirani, ndugu wala mchungaji aliyewaona. Mgeni anayekuja mara kwa mara mlangoni, akataja jina la mtu na kuuliza hali yake, ni faraja kwa mfungwa na ni ulinzi pia.

Tufanye nini basi? Tuanze na madogo yaliyo ndani ya uwezo wetu. Kila mtaa wa kanisa ujue nyumba zake zenye mtu aliye ndani, na wazee wazitembelee kama wanavyowatembelea wagonjwa, si kwa kuchunguza kesi bali kwa kusali na kuona kama kuna chakula. Vikundi vya akina mama na vijana vitoe siku moja ya kulima au kuvuna kwenye shamba la nyumba hiyo. Walimu wa Shule ya Jumapili wahakikishe hakuna mtoto anayeitwa kwa kosa la baba yake. Na anayekwenda mjini siku ya kuwaona wafungwa aulize kwanza kijijini: nani ana salamu za kupeleka? Arudi nazo pia, maana habari ya kwamba "mtoto amefaulu darasa la saba" inaweza kumshika mtu asikate tamaa mwaka mzima.

Seli za neva hazigusani. Mungu ameweka mwanya kati yao, kisha akaweka kitu cha kubeba ujumbe, na kwa huo wabebaji wadogo mwili wote unaishi. Kati ya ukuta wa gereza na nyumba za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega upo mwanya pia. Hatuna uwezo wa kuuvunja ukuta, wala hatujaitwa kuuvunja. Tumeitwa kubeba. Bwana atusamehe kwa nyumba tulizozipita, na atupe miguu ya kurudi kuzibishia hodi.